Sufu ya Ng'ambo, Matundu ya Amu

Jumanne, 8 Agosti 1967

Itangazwe kwa majirani wa juu na wa chini, kwa wenye nyumba na wapangaji: leo, mbele ya ofisa wa serikali, mimi Athman bin Madi nimejikuna shingo. Si mara moja. Nilianza kwa kidole kimoja, kwa heshima. Kisha mkono mzima. Kisha nikaomba ruhusa nikajisugua kwenye ukingo wa mlango kama mbuzi.

Sababu ni kitambaa. Bwana Ndirangu, ofisa wa maendeleo, mtu wa Nyeri, alifungua furushi ofisini kwake akanambia nijitie begani nione uzito. Sufu! Rangi ya maziwa, nene kama godoro la mgonjwa. Kusi lavuma, huu ndio wakati tunaouita baridi — na jasho likanishuka hadi kiunoni.

Habari yenyewe ni hii. Kuna mtu Uingereza, upande wa kaskazini, ana kiwanda cha kufuma sufu. Sufu yake hainunuliwi kama zamani. Watu wamehamia nailoni. Nailoni yafuliwa jioni, asubuhi imekauka, na haina haja ya kondoo. Basi mgeni mmoja aliyepita Amu alimpelekea kofia ya vito, hizi zetu ambazo vito vyake ni matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi. Mwenye kiwanda akaipenda. Ataka kofia kama hizo, lakini za sufu, za kuvaliwa kwenye barafu. Kitambaa chatoka kwake, mikono yatoka kwetu. Zikipendeza, kila mwaka atataka nyingine.

Nilimuuliza Bwana Ndirangu, na sufu yenyewe yatoka wapi? Australia, asema. Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Manyoya yametoka Australia kwenda Uingereza kufumwa. Na kwa kuwa mfereji wa Suez umefungwa tangu vita vya Juni, kitambaa kimezunguka Afrika yote kwa kusini, kikafika Mombasa, kikaletwa hapa. Hapa tutakitoboa matundu. Kisha kirudi kilikotoka. Kondoo mwenyewe hakutembea hivyo maisha yake yote.

"Wewe Bwana Athman, unajua mambo ya sufu?"

Nikasema nimesoma. Na kweli nimesoma. Nusu ukurasa wa gazeti, nililofungiwa tende.

Ijumaa, 11 Agosti

Habari imeshafika kwa Shekhan. Hapa mtaani Langoni habari hutangulia mwenyewe kufika.

Shekhan ndiye tajiri wa kofia. Kitambaa chake, uzi wake. Mimi nachora nakshi kwa penseli, wanawake watoboa na kushona, yeye azichukua apeleke Mombasa, Komoro na Arabuni. Nimemchorea tangu ndevu zangu nyeusi. Bei asema yeye, na sisi twasema ahsante.

Leo baada ya swala, tukitafuta viatu mlangoni mwa msikiti, akapaza sauti:

"Athman! Naambiwa umeingia biashara ya mablanketi."

Watu wakageuka.

"Mtu akivaa kofia ya blanketi Amu hii, ubongo utaiva. Mafuta yataelea juu."

Wakacheka. Nami nikacheka. Ni maneno mazuri, sina ugomvi nayo. Kisha akanishika bega, akashusha sauti kama atoaye pole ya msiba. Atakayegusa kitambaa hicho asiguse chake tena. Si mimi tu. Na Nur. Na kila mwanamke atakayekaa na Nur.

Nur ni dada yangu, mkubwa wangu, mjane. Hapana mkono kama wake kwa vito mtaa huu, na yeye ajua, na hilo lachosha kidogo nyumbani. Nilimpelekea maneno ya Shekhan nikidhani atashtuka. Hata sindano hakuiweka chini.

"Tangu niolewe hadi nikafiwa, nashonea Shekhan. Akisema haraka, haraka. Akisema ngojani, twangoja. Nataka nijue kabla ya kufa kwamba najua kushona, au namjua Shekhan tu."

Mke wangu Hafswa, ambaye huuliza yale ambayo mimi naogopa kuyauliza: "Na tukishindwa, wifi?"

"Tukishindwa tutakwenda kumbembeleza. Ndia twaijua."

Kisha akanigeukia mimi. "Leta hilo blanketi."

Jumatatu, 14 Agosti

Wanawake wanane wamekuja kwa Nur. Wengine wamekuja kwa kazi, wengine kumkomoa Shekhan. Sikuuliza nani ni nani.

Nimechora siku nzima. Taabu! Kwenye kitambaa cha pamba penseli yateleza yenyewe. Kwenye sufu yazama kwenye manyoya, mstari wapotea. Ilinibidi nikandamize mpaka kidole kikafa ganzi. Nakshi nimeipanua, maua makubwa, vito vichache, ukanda mmoja tu wa duara. Nur aliangalia akasema nimechora kama mtu anayechora boma la ng'ombe.

"Ni ya Wazungu," nikamwambia.

"Wazungu hawana mato?"

Jumatano, 30 Agosti

Sufu haitoboki. Yaani, yatoboka, shazia, ile sindano nene, yapita vizuri, kisha ukiitoa tundu lajifunga lenyewe kama mdomo wa mtu aliyeulizwa deni. Ukizungushia uzi haraka, nyuzi za kitambaa zatoka nje kama nywele za pua. Wanawake wajikuna mapajani maana kitambaa chakaa mapajani. Jasho la vidole laigeuza sufu rangi ya chai. Nyumba yanuka kondoo ambaye hatujapata kumwona.

Nur amevunja sindano tatu, na ulimi ameuvunja zaidi. Leo amemtukana mwenye kiwanda, kiwanda, kondoo na mama yake kondoo. Lakini amepata njia: kwanza ashona duara dogo, kisha ndipo atoboa katikati. Tundu haliwezi kujifunga tena. Wengine wamekaa wakimtazama. Hakujisifu. Aliinua kofia kwenye mwanga wa dirisha akanionesha mimi, mbali, kupitia tundu, jicho lake moja.

Jumamosi, 16 Septemba

Ujumbe kutoka ng'ambo, Bwana Ndirangu ameuleta mwenyewe. Mwenye kiwanda ashukuru. Ila aomba matundu yawe madogo zaidi, maana upepo wa huko utapenya kichwani.

Nimemsomea Nur.

"Ataka kofia ya matundu isiyo na matundu?"

"Madogo zaidi, amesema."

"Mwambie ashone gunia, alivae."

Bwana Ndirangu, aliyekuwa barazani akinywa maji, akauliza: "Mama anasema nini?" Nikamwambia amekubali.

Alhamisi, 28 Septemba

Wanawake wawili wamerudi kwa Shekhan. Walileta tu kofia zao nusu wakaziweka mkekani, wakaulizia hali ya watoto, wakaenda. Nur amezichukua azimalize yeye. Macho yake mekundu jioni, asema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Shekhan hapiti tena kunitania. Hilo lanitia hofu kuliko utani.

Nimepata gazeti jingine, nililofungiwa sukari. Linasema bei ya sufu imeshuka kwenye minada yote ya Australia. Linasema viwanda vya kaskazini mwa Uingereza vyafungwa kimoja kimoja, na wafumaji wa miaka mingi wamekuwa wafagiaji. Kwa hivyo yule bwana huko ni kama sisi. Naye ana Shekhan wake, aitwaye Nailoni. Ametutegemea sisi, sisi twamtegemea yeye. Mtu anayezama amemshika mtu anayezama.

Gazeti nimelichana. Nur hana haja ya kujua.

Jumapili, 15 Oktoba

Kofia ya kwanza imekwisha!

Sikutarajia kuandika hivi: ni nzuri. Ile sufu, uzi wa hariri nyeupe juu yake, maua makubwa yametulia kama yamezaliwa hapo. Boma la ng'ombe limekuwa bustani. Nur ameizungusha mkononi, kisha akanivika mimi kichwani, mbele ya wote. Kichwa kikawaka moto papo hapo. Hafswa akanipepea kwa kipepeo cha jiko.

"Usife nayo," asema. "Ina mwenyewe."

Bwana Ndirangu alikuja alasiri. Ameivaa, akajitazama kwenye kioo cha Nur muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Baba yangu akiona hii," asema, "ataniuliza nimelipia mbuzi wangapi." Aliona mistari ya penseli yangu, myeusi, kila mahali.

"Na hii alama?"

"Hutoka mwisho," nikamwambia. "Usijali."

"Sawa."

Alitoka ameiva uso kwa furaha, au kwa joto. Wanawake wamepiga vigelegele baada ya mlango kufungwa. Nur aliwaza kwa sauti: mwakani, chumba cha kazi, kitambaa tukiagize sisi wenyewe. Na tusiagize blanketi! Sijapata kumsikia Nur akisema "mwakani".

Jumatano, 8 Novemba

Zimekwisha zote. Zimepangwa mkekani, rangi ya chai kwa jasho, zimejaa penseli yangu, zimelegea. Sura ya kofia hazijapata bado. Hilo si shida. Hakuna kofia ya Amu inayotoka mkononi mwa mshonaji ikaenda kwa mtu hivyo hivyo. Hufuliwa kwanza, itoke penseli, kisha hutiwa kanji ikakamae, kisha huvikwa kwenye kigogo cha mti chenye umbo la kichwa, ikauke imesimama. Kofia isiyotiwa kanji ni kitambaa tu kilichokaa juu ya mtu.

Kesho twafua. Meli itapita Mombasa wiki ijayo.

Alhamisi, 9 Novemba

Tumefua.

Asubuhi Nur aliipitisha moja kwenye maji baridi na sabuni. Penseli haikutoka. Nilikuwa nimekandamiza sana. Akanitazama.

"Maji ya moto," nikasema mimi. Mimi ndimi niliyesema. "Yachemke hasa."

Tukatia sufuria kubwa la harusi jikoni, sabuni ya mche mzima ikakatwakatwa, kofia zikaingia zote kwa pamoja. Hafswa alikoroga kwa mwiko. Wanawake wakazisugua moja moja, kwa nguvu, zilivyo nene, wakazirudisha zichemke tena. Penseli ikatoka! Nyeupe pe, kama mawingu. Tulishangilia. Kisha kanji, ya moto vile vile. Kisha Nur akachukua kigogo, akachukua kofia, akaivika.

Haikuingia.

Akadhani ameshika kigogo cha mtoto. Akageuza, akaangalia chini yake. Akachukua kofia nyingine. Haikuingia. Nyingine. Akawa sasa azichukua haraka haraka, azivika, azitupa. Kitambaa kimekuwa kigumu kama ngozi ya ngoma. Vito vimefumba vyote. Huwezi kupitisha hata unywele.

Niliivaa moja. Ilikaa utosini kama kifuniko cha birika.

Hakuna aliyecheka. Siku nyingine yoyote Nur angekuwa wa kwanza.

Ijumaa, 10 Novemba

Sikwenda msikiti wa karibu. Nilikwenda wa mbali.

Jumamosi, 11 Novemba

Bwana Ndirangu amekuja na kasha la mbao la kupakia. Alisimama mlangoni, akaziona zimepangwa mkekani, akauliza kwa uso mkunjufu:

"Hizi za watoto mlishona lini? Na kubwa ziko wapi?"

Nikamwonesha zile zile.

Aliichukua moja, akaipinda, akainusa. Kisha akakaa juu ya kasha lake.

"Mliweka kwa maji moto."

"Tuliichemsha."

"Mli-che-msha! Kama viazi?" Akashika kichwa. "Bwana Athman, sufu hawachemshi! Hata kusugua hawasugui! Kwetu hata mtoto mdogo anajua. Ukitia sweta maji moto inarudi kama ya mwanasesere. Mama yangu alikuwa anatuchapa!"

Nur alikuwa nyuma ya pazia. Hazungumzi na wanaume wageni, huzungumza na pazia.

"Mbona hakutwambia?"

"Mama, ningejua aje mtazifua? Kofia ni mpya! Haijavaliwa na mtu! Kitu kipya kinafuliwa ya nini?"

Pazia likasogea kidogo.

"Kwao," lasema pazia, "watu huuziana kofia ambayo haijafuliwa?"

"Ndiyo, mama."

"Bila kanji?"

"Bila."

Nilisikia Nur akivuta pumzi. Basi ndiyo hivyo. Bwana Ndirangu hakusema, kwa kuwa kwao jambo hilo hapana asiyelijua. Sisi hatukusema, kwa kuwa kwetu jambo letu hapana asiyelijua. Miezi mitatu tumekaa pamoja, tumeulizana habari za matundu na upepo na meli. Alama ya penseli ameiona kwa mato yake, akadhani nitaifuta kwa kifutio cha shule. Nami nilisema "usijali".

Na mimi ndimi niliyesoma habari za sufu. Ile nusu ukurasa ilisema bei tu.

Jumanne, 14 Novemba

Tumejaribu yote. Tumeziloweka tena, tumezivuta wawili wawili kama watoto wanaogombea mkate. Moja imepasuka. Tumezivika juu ya madafu, juu ya sufuria, Hafswa amekalia moja mchana kutwa. Imekuwa bapa. Haikuwa kubwa.

Meli imepita.

Lakini Bwana Ndirangu si mtu wa kukata tamaa, na jambo hilo lanichosha na lanipendeza. Asema: "Kwa nini zisiwe za watoto kweli?" Hakuwa anatania. Amechukua moja, nzuri kuliko zote, ameitia kwenye bahasha, na kesho itapanda ndege. Amemwandikia yule bwana wa kiwanda yaliyotokea, bila kuficha, na kumuuliza kama atazitaka hivi zilivyo. Tungoje jibu.

Nur asema, "Haya." Amezitia zote kwenye pakacha, amefunika kwa leso.

Jumatano, 22 Novemba

Jibu hakuna.

Nimekwenda ofisini. Bwana Ndirangu amesafiri Kiwayu kwa kazi za serikali. Redio yasema Waingereza wameishusha thamani pesa yao mwishoni mwa wiki. Nimekaa barazani nikijaribu kufikiri jambo hilo lamfanya nini mtu mwenye sufu, na lanifanya nini mimi. Sikufika popote. Mchana hatukuwa na kitoweo, hilo lilinisaidia kufikiri mambo ya karibu.

Wanawake wa Nur hawajashona kitu tangu siku ile. Hapana kitambaa. Kitambaa ni cha Shekhan.

Jumatatu, 27 Novemba

Ramadhani yaja, nyuma yake Idi, na Idi ni kofia. Shekhan ahitaji mikono. Najua ahitaji, maana ametuma mtu kuniambia kwamba hahitaji.

Nikaenda. Nilimkuta dukani kwake, anapima uzi. Hakunipazia sauti, hakutaja blanketi. Aliagiza kahawa, mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nina majibu mazuri matatu, yote yameniozea mdomoni.

"Mwambie Nur arudi," asema. "Na wenziwe. Na wewe. Yaliyopita yamepita, sisi ni watu wa mji mmoja."

"Ahsante, Bwana Shekhan."

"Jambo moja tu. Vile vitu. Viletwe hapa vyote. Sitaki vionekane mtaani, watu wakapata la kusema juu ya watu wangu."

Watu wangu.

Nilimpelekea Nur maneno. Aliangalia pakacha. "Na jibu la ng'ambo?"

Siku kumi na tatu, nikasema. Angetaka angejibu. Nikasema kiwanda labda kimefungwa, nikamtajia lile gazeti nililolichana. Nikasema kofia zenyewe, wallahi, hata paka hazimwingii. Nikasema Idi haitungoji. Nilisema mengi, na yote yalikuwa na akili.

"Haya," asema Nur. Alilibeba pakacha mwenyewe hadi mlangoni kwa Shekhan, buibui limefunika uso. Alirudi na kitambaa cha pamba na uzi. Nami nimechonga penseli.

Penseli yateleza vizuri sana kwenye pamba.

Jumanne, 5 Desemba

Saumu. Kinywa kikavu, kichwa chauma kidogo. Nilikuwa nachora asubuhi nikasikia Bwana Ndirangu anaita kutoka mwisho wa kichochoro, anaita jina langu kama mtu aliyeona moto. Alikuwa anakimbia. Sijapata kuona ofisa wa serikali anakimbia Langoni, punda wenyewe walimpisha.

Telegramu. Amenisomea, kisha nikaisoma mwenyewe, kisha akanisomea tena kwa Kiswahili.

Wanazitaka. Zote! Bwana wa kiwanda ameionesha ile moja kwenye maduka, na maduka yamegombea. Bwana Ndirangu akanieleza maana yake: nailoni watu wazima wameikubali, lakini mama wa huko hataki nailoni kichwani mwa mtoto mchanga. Kwa mtoto ataka sufu. Hapo tu ndipo sufu haijashindwa. Na ile yetu, ilivyochemshwa ikawa ngumu, ikafumba matundu, imewapendeza zaidi: haipitishi upepo, na maua yamebaki. Wauliza tumeifanyaje! Zilizobaki zipelekwe kwa ndege upesi, zikifika zimekamilika ataleta kitambaa kingine, mara tatu ya kile. Na atakuwa akituletea kila mwaka.

"Mara tatu, Bwana Athman! Na muendelee kuchemsha! Ziko wapi? Nimekuja na kasha."

Nyuma ya pazia sindano ilikuwa imesimama.

"Athman," asema Nur. Sauti ndogo. Ile ya "mwakani". "Nenda kwa Shekhan. Mwombe. Mwambie nitamshonea Idi yote bure, mwambie lolote. Nenda sasa hivi."

Bwana Ndirangu akauliza ni nani Shekhan na kofia zimefuata nini kwake. Nilivaa kanzu nikatoka, telegramu mfukoni.

Shekhan alikuwa barazani kwake, amelala ubavu, amechoka kwa saumu. Akanikaribisha. Nikakaa. Nikaanzia mbali, habari za kofia za Idi, habari za uzi. Nikasema, ati, zile kofia za sufu, bado zipo? Nazihitaji kidogo. Nilisema "kidogo", ili asijue.

"Zile?" Alifikiri. Hakuwa na ubaya usoni, hilo naliandika kwa haki. "Nilimpa mama watoto. Amezikatakata kwa mkasi. Kazi kweli, asema, ngumu kama kiatu." Akajiinua kidogo, akapigapiga chini ya kiwiko chake. "Hizi hapa."

Nimerudi. Bwana Ndirangu amekaa juu ya kasha lake, ajipepea kwa telegramu niliyomrudishia, hajui kitu. Wanawake wamekwisha kuitwa, nawasikia waingia mmoja mmoja, mmoja acheka. Nur yuko nje ya mlango wa chumba hiki, auliza mbona sitoki. Nimemwambia naandika, nakuja.

Kofia zote zimejaza mto mmoja, tena mdogo.